Jiwe Halitambuliki kwa Maneno ya Mwenye Kuuza

Mawe ya rangi hupita mbele ya askari wa nchi hii mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Hupita vizuizini usiku yakiwa yamefungwa vitambaani. Huvuka mipaka yakiwa chini ya magunia ya maharage. Hulala miezi mingi katika makabati ya vielelezo ya vituo vya polisi. Na mara nyingine huletwa hadi mlangoni pa askari aliyerejea kutoka kazi ya kulinda amani, ambaye mtaa mzima unajua kwamba amerejea na posho. Katika kila mahali pa namna hiyo hutokea mtu wa kulipa jiwe jina. "Afande, hii ni almasi." "Mzee, hii ni tanzanaiti safi, ndugu yangu ameitoa shimoni kwa mkono wake." Makala haya yanahusu jina hilo, kwa kuwa mara nyingi jiwe lenyewe halina kosa lolote, kilicho cha uongo ni jina lililobandikwa juu yake.

Ipo sababu ya kuwaandikia askari na polisi kabla ya kuwaandikia wafanyabiashara. Mlaghai wa mawe hahitaji mnunuzi mwenye fedha tu. Anahitaji pia shahidi wa kuaminika. Akimpata askari mwenye sare akakaa naye mezani, au akasimama mlangoni wakati fedha zinahesabiwa, basi amepata hati iliyo bora kuliko hati yoyote ya kuchapwa, kwani mgeni aliyetoka mbali hujiambia kwamba biashara yenye ulinzi wa serikali haiwezi kuwa ya udanganyifu. Askari huyo pengine aliambiwa kwamba anasindikiza mali ya mwekezaji, akapewa nauli na soda. Siku mgeni anapogundua kwamba amenunua vipande vya chupa, mlaghai hajulikani alipo na simu yake imezimwa, lakini sare ile inakumbukwa vizuri sana.

Zaidi ya hayo, fedha za askari zenyewe zinawindwa. Tangu mwaka 2007 wanajeshi wetu wamekuwa wakitumikia Somalia, na wengi wamerudi na akiba ambayo hawakupata kuwa nayo kabla ya hapo. Wengine hustaafu na kupokea malipo yao kwa mkupuo mmoja. Fedha ya namna hiyo hujengewa nyumba au husomeshewa watoto. Mwenye jiwe analijua hilo, naye huja na hesabu iliyokwisha kufanywa: nunua leo kwa milioni kumi, uza Nairobi kwa arobaini. Haelezi kwa nini yeye mwenyewe haendi Nairobi.

RANGI NI SHAHIDI DHAIFU

Mtu asiyezoea mawe huanza kwa kutazama rangi, na hapo ndipo mlaghai anapomsubiri. Rangi ya vito vingi hutokana na chembe kidogo sana za madini mengine zilizoingia wakati jiwe lilipokuwa likiumbika. Madini yaitwayo korandamu, yakiwa safi kabisa, hayana rangi; yakipata kromiamu kidogo huwa yakuti nyekundu, na yakipata chuma na titani huwa yakuti ya samawati. Berili nayo huwa zumaridi kwa kromiamu au vanadi, na kwa chuma huwa akwamarini, lile jiwe lenye rangi ya maji ya bahari. Ni madini yaleyale, majina mbalimbali, na bei mbalimbali sana.

Rangi inayoingia kwa chembe ardhini huweza pia kuingizwa na binadamu kwa moto au kwa kuchovya. Amethisti, ambayo ni kwatsi ya zambarau, ikichomwa katika tanuri hugeuka njano, na sehemu kubwa ya mawe ya njano yanayouzwa duniani kwa jina la sitrini ni amethisti iliyochomwa. Kwatsi nyeupe ikipashwa moto kisha ikatumbukizwa ghafla katika rangi baridi ya kijani hupasuka nyufa nyembamba, rangi ikaingia ndani ya nyufa hizo, na mtu akauziwa zumaridi. Jiwe hilo likitazamwa kwa kioo cha kukuzia, kijani huonekana kimejikusanya katika nyufa kama chai iliyoingia katika ufa wa kikombe, na baina ya nyufa jiwe ni jeupe.

Upo pia ushahidi mwingine dhaifu ambao tumeona ukitolewa kwa mbwembwe nyingi, nao ni wa kukwaruza kioo. Muuzaji huchukua jiwe lake jeupe, akalipitisha juu ya kioo cha dirisha, mstari ukatokea, naye akasema: mnaona, almasi! Ukweli ni kwamba katika kipimo cha ugumu kilichowekwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, kinachoanzia 1 hadi 10, kioo kina ugumu wa kama 5 na nusu. Kwatsi, jiwe lililozagaa vilimani na barabarani, ina 7. Topazi ina 8, korandamu 9, almasi 10. Kwa hiyo kokoto tuliyoikanyaga asubuhi inaweza kukwaruza dirisha sawasawa na almasi ya mfalme. Baya kuliko hilo ni jaribio la nyundo. Husemwa kwamba almasi haivunjiki kwa nyundo, na walioamini hivyo wamevunja almasi halisi, maana ugumu wa kukwaruza si uimara wa kugongwa; almasi ina pande ambazo hupasuka kwa urahisi ikipigwa.

Kwatsi, kwa bahati nzuri, huwa na umbo linaloisaliti. Fuwele yake ambayo haijachongwa ina pande sita, na juu ya pande hizo kuna mistari myembamba iliyokingama, kana kwamba mtu ameipitishia uzi mara nyingi. Fuwele ya almasi aghalabu huwa na nyuso nane za pembetatu, mfano wa piramidi mbili zilizounganishwa kwa vitako. Askari atakayekumbuka tofauti hiyo moja ameshaondokana na almasi nyingi za vizuizini.

JIWE LA JIRANI ZETU

Mfano unaofundisha zaidi tunaupata kwa jirani zetu wa Tanzania. Tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967 katika vilima vya Mererani, si mbali na Arusha. Kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina hilo mwaka 1968. Na hadi leo hapajapatikana mahali pengine duniani pa kuichimba kibiashara. Mwishoni mwa mwaka 2017 wanajeshi wa Tanzania walianza kujenga ukuta wa zaidi ya kilomita 24 kuyazunguka machimbo hayo ili kuzuia magendo, nao ukazinduliwa Aprili 2018. Wenzetu wa kikosi cha uhandisi watajua ni kazi ya namna gani kuumaliza ukuta wa urefu huo kwa miezi michache. Kisha Juni 2020 mchimbaji mdogo mmoja aliiuzia Serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7 za Tanzania. Ilikuwa habari njema kwake. Kwa walaghai wa Afrika Mashariki nzima ilikuwa njema vilevile, kwani tangu siku ile kila jiwe kubwa la samawati lina hadithi yake tayari: ni pacha wa yale mawili, limetoroshwa kabla ya kufika serikalini.

Hebu tulitazame jiwe lenyewe. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini ikiwa na rangi ya kahawia, au kahawia yenye kijani. Samawati yake huja baada ya kupashwa moto wa kama nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi. Upashaji huo si udanganyifu. Ni desturi inayokubalika sokoni, na rangi ikishakuja haiondoki. Yapo mawe yanayotoka yakiwa na samawati yake ya asili, ila ni machache. Hivyo basi, mtu akikuonyesha mfuko mzima wa mawe ghafi, yenye udongo bado, ya samawati tupu kila upande, akakuambia yametoka shimoni juzi, hadithi yake imetoboka.

Sifa kuu ya tanzanaiti ni kubadili rangi kwa kadiri inavyogeuzwa. Liweke jiwe juu ya karatasi nyeupe mchana, si chini ya taa, kisha ligeuze polepole pande zote. Lililopashwa moto litaonyesha samawati upande mmoja na zambarau upande mwingine. Lisilopashwa litaonyesha pia rangi ya tatu, ya kahawia au ya manjano yenye kijani. Ukiwa na miwani ya jua ya polaroidi, ile wanayopenda madereva wa masafa marefu, tazama kupitia kioo chake kimoja huku ukiizungusha miwani: rangi hizo zitapokezana waziwazi. Kioo cha chupa hakifanyi hivyo. Spineli ya kiwandani nayo haifanyi hivyo. Ukizungusha mpaka mkono uchoke na rangi ikabaki ileile, jiwe hilo si tanzanaiti, hata kama muuzaji ameapa kwa kaburi la mama yake.

Walakini tusishangilie mapema. Liko jiwe la asili liitwalo ayolaiti, la bei ya chini sana, ambalo nalo hubadili rangi kati ya samawati, manjano na karibu weupe. Na tangu miaka ya 1990 viwanda vimekuwa vikitengeneza fuwele za fosteraiti za rangi ya samawati na zambarau ambazo zimewadanganya hata wafanyabiashara wazoefu. Hiyo ya pili ina dalili moja nzuri iwapo jiwe limechongwa. Litazame kwa kioo cha kukuzia, ukipitisha jicho kutoka uso wa juu hadi kingo za nyuma. Katika fosteraiti kingo hizo huonekana mbilimbili, kama anavyoona mtu aliyelewa. Katika tanzanaiti halisi si rahisi kuuona uwili huo. Mwaka 2008 kukazuka hila nyingine: maabara za Marekani ziliripoti tanzanaiti halisi, lakini hafifu, iliyopakwa utando mwembamba wenye kobalti ili ionekane ya rangi nzito. Hapo jiwe ni la kweli na rangi ni ya uongo. Dalili yake huwa kwenye kingo, mahali utando unapochubuka na weupe kuchungulia.

Msomaji ameona tunakoelekea. Kila dalili moja ina jiwe jingine linaloweza kuiiga. Kinachomshinda mwigaji ni dalili mbili au tatu kwa pamoja, na katika hizo iliyo bora kwa mtu asiye na maabara ni uzito.

MIZANI NA KIKOMBE CHA MAJI

Hatusemi uzito wa jiwe ukiwa peke yake, bali uzito wake ukilinganishwa na maji ya ukubwa uleule. Kipimo hiki hakiliharibu jiwe, hakihitaji elimu ya chuo kikuu, na kinataka mizani ndogo ya kielektroniki kama ile ya masonara, kikombe cha maji na uzi mwembamba. Kwanza lipime jiwe likiwa kavu, uandike gramu zake. Kisha weka kikombe chenye maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Lifunge jiwe kwa uzi, ulizamishe lote majini ukiwa umeushika uzi kwa mkono, jiwe lisiguse chini wala ubavuni mwa kikombe. Mizani itaonyesha namba fulani. Gawanya uzito wa kwanza kwa namba hiyo ya pili, basi umepata jibu.

Tuseme jiwe la samawati lina gramu 33.5 likiwa kavu. Likizamishwa na mizani ikaonyesha 10, jibu ni 3.35, nayo ndiyo tanzanaiti. Ikionyesha kama 13 na kidogo, jibu ni kama 2.5, na hapo umeshika kioo au ayolaiti. Fosteraiti hukaribia sana tanzanaiti kwa kipimo hiki, ndiyo maana tulitangulia kuitaja na dalili yake ya kingo. Kwatsi ya kila rangi ni 2.65. Berili, zumaridi ikiwamo, ni kama 2.7. Almasi ni 3.52. Topazi inaikaribia almasi, kama 3.5, na kwa sababu hiyo topazi nyeupe huuzwa kama almasi na watu wanaoijua hesabu hii kuliko mnunuzi. Korandamu ni 4.0. Zirkonia ya kiwandani, ambayo imejaa katika pete za bei nafuu, hufika kati ya 5.6 na 6, nzito kupita almasi yoyote. Kwa jiwe dogo la chini ya gramu tano mizani ya kawaida haitoshi. Itakiwe ile inayosoma sehemu ya mia ya gramu.

Wenye fedha hutumia kifaa cha umeme chenye ncha ambacho hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto, na wengi hukiamini kama wanavyoamini saa zao. Kifaa hicho huitofautisha almasi na kioo au zirkonia. Lakini moisanaiti, fuwele ya kiwandani, hupitisha joto kiasi cha kukifanya kilie "almasi". Jiwe hilo katika kikombe cha maji hutoa 3.2, na nyuma ya jiwe lililochongwa kingo huonekana mbilimbili, jambo lisiloonekana katika almasi. Kikombe cha maji kimekishinda kifaa cha dola mia.

Kuna mahali ambapo kikombe nacho hushindwa, na ni haki tuseme hivyo. Mkemia Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kutengeneza yakuti nyekundu kwa kuyeyusha unga katika mwali wa moto. Yakuti hiyo ni korandamu kamili: ugumu 9, uzito 4.0, rangi ileile. Vipande vyake ghafi huvunjwa, vikasuguliwa kokoto hadi vikapoteza ung'avu, vikapakwa udongo mwekundu, kisha vikapelekwa palepale machimboni kuuzwa pamoja na mawe ya kweli, mahali ambapo mnunuzi amelegeza macho kwa kuwa anaona mashimo na wachimbaji mbele yake. Tofauti imo ndani ya jiwe. Fuwele ya ardhini hukua kwa mistari iliyonyooka na yenye pembe. Hii ya mwali hukua kwa mistari iliyopinda, kama mifereji ya sahani ya santuri, na huweza kuwa na viputo vya mviringo. Mara nyingine mistari hiyo ni hafifu mno hata mtaalamu huihitaji darubini. Basi mtu akikuuzia yakuti nyekundu safi, kubwa, isiyo na doa, kwa bei ya kuku, huna haja ya darubini.

VIBANDIKO

Si kila mtu anunuaye fuwele anataka kuzivaa. Wapo wakusanyaji na majumba ya makumbusho, Ulaya na Marekani, wanaonunua madini adimu yakiwa katika umbo lake la asili juu ya mwamba wake, na hao hulipa kwa kuangalia mambo mawili: ukamilifu wa fuwele, na mahali ilikotoka. Katanga, kwa jirani zetu wa Kongo, ni mojawapo ya mahali maarufu kwa wakusanyaji hao kwa malakiti, dayoptesi na madini mengine ya shaba na kobalti. Kwa kuwa jina la mgodi lina bei, kibandiko hughushiwa hata pale jiwe lilipo halisi. Fuwele ya mgodi wa kawaida huandikiwa mgodi uliofungwa zamani, na bei ikapanda bila jiwe kuongezeka hata chembe.

Fuwele nzuri iliyovunjika hugundishwa juu ya mwamba usio wake. Polisi wana silaha ya hila hii bila kujua: ile taa ndogo ya urujuani inayotumiwa kukagua noti bandia. Ielekeze gizani kwenye shina la fuwele. Gundi nyingi hung'aa kwa weupe wa kibuluu mahali ambapo mwamba haung'ai. Kuhusu malakiti, ya kweli ni nzito, karibu mara nne ya maji, na baridi mkononi, na mikanda yake ya kijani haifanani miwili. Ile ya plastiki ni nyepesi, haina ubaridi, na mistari yake ya kijani na nyeusi imepangwa kama kitambaa cha dukani.

Na mrututu! Wakulima wa kahawa wanaujua mrututu, ile dawa ya buluu ya kunyunyizia mibuni. Ukiyeyushwa katika maji ya moto na kuachwa upoe taratibu hutoa fuwele za buluu za kupendeza sana, na watu wamezibandika juu ya mawe wakaziuza kama madini adimu. Tone la maji na kidole safi humaliza kesi hiyo, kwa kuwa buluu itatoka kwenye kidole. Mkono uoshwe baadaye, maana ni sumu. Vivyo hivyo mavi ya chuma, yale masalio yanayofanana na kioo yatokayo katika matanuri ya kuyeyushia madini, huokotwa yakapewa majina ya kigeni. Yana viputo ndani. Mawe ya vito hayatengenezwi kama sabuni, hayana mapovu.

Mpakani kibandiko kina uzito mwingine. Bati ghafi, wolframu na koltani si vito, lakini husafirishwa katika magunia yenye lebo, na tangu Azimio la Lusaka la Desemba 2010 nchi za Maziwa Makuu zimekubaliana kuwa na utaratibu wa kuyathibitisha madini hayo pamoja na dhahabu, ili yasiyalishe makundi yenye silaha. Gunia lililoandikwa wolframu laweza kuwa na kitu kingine. Chukua kigae cha kauri, ukigeuze upande wa nyuma usio na rangi ya kung'aa, ukwaruze punje juu yake. Kasiteriti, yaani bati ghafi, ingawa ni nyeusi huacha mstari mweupe au wa kahawia hafifu. Wolframu huacha mstari wa kahawia nzito hadi mweusi. Koltani nayo huacha mstari mzito, kwa hiyo kigae hakizitenganishi hizo mbili, lakini kinakuambia papo hapo iwapo lebo na gunia vinapingana. Punje zinazorukia sumaku kwa nguvu ni mchanga wa chuma.

Hapa tuseme neno moja juu ya zebaki nyekundu. Kwa miaka mingi watu wamekuwa wakinong'onezana habari za madini haya, eti ni ya bomu, eti hupatikana katika cherehani za zamani na redio mbovu, eti chupa moja ni mamilioni ya dola. Madini ya namna hiyo hayapo. Ipo sinabari, jiwe jekundu la asili ambamo zebaki hutolewa, na bei yake haimtajirishi mtu. Askari anayeletewa taarifa ya zebaki nyekundu anachunguza utapeli, wala asijitie kuamini kwamba anachunguza silaha. Kwa upande wa pili, madini yenye mionzi ya kweli yapo katika eneo letu. Shinkolobwe ya Katanga ndiyo iliyotoa urani nyingi iliyotumika katika mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Miongoni mwa madini ya urani limo moja liitwalo tobanaiti, lenye vibamba vya mraba vya kijani kizuri mno. Limewahi kupendwa na wakusanyaji wengi. Jiwe lenye vibamba vya namna hiyo lisitiwe mfukoni wala kuwekwa chini ya kitanda cha bweni.

JALADANI

Yote haya yanaishia mahali pamoja kwa polisi, napo ni kwenye daftari la vielelezo. Afisa anakamata mfuko wa mawe meupe, mshtakiwa mwenyewe anasema ni almasi, naye anaandika "almasi 14". Baada ya miezi mitano mtaalamu anasema ni kwatsi. Wakili wa utetezi hana haja ya kutetea tena. Anauliza tu almasi 14 zilizoandikwa na polisi zimekwenda wapi, na nani aliweka kokoto mahali pake. Afisa ambaye hakuiba chochote anajikuta yeye ndiye anayehojiwa. Tunasikitika kila tunapofikiri jinsi neno moja lilivyotosha.

Iandikwe kinachoonekana: "mawe meupe yanayopitisha mwanga, vipande 14, uzito wa jumla gramu 61.3, ambayo mshtakiwa aliyaita almasi." Yapigwe picha pamoja na rula mbele ya mshtakiwa na shahidi. Mfuko ufungwe kwa lakiri, na sahihi zivuke juu ya mfungo. Mawe yasikwaruzwe, yasichomwe, yasitiwe ndimu wala siki. Majaribio ya namna hiyo huharibu ushahidi, na hata kipimo cha kikombe cha maji tulichokisifu si kazi ya kituo baada ya mfuko kufungwa. Kutoka hapo mawe ni ya wataalamu wa serikali wa jiolojia na madini walioko Entebbe, ambako shughuli hiyo imekuwapo tangu mwaka 1919, nao ndio wenye haki ya kulipa jiwe jina mbele ya mahakama.

Kwa askari anayetaka kununua kwa fedha yake, tunamkumbusha kwamba biashara ya madini ina leseni chini ya Sheria ya Uchimbaji na Madini ya mwaka 2022. Aombe kuiona leseni hiyo kabla ya kuombwa kuliona jiwe. Kisha aseme kwamba atalipa baada ya jiwe kupimwa Entebbe, kwa gharama yake mwenyewe, muuzaji akiwapo. Mwenye jiwe la kweli atalalamika kwamba safari ni ndefu, halafu atakwenda. Yule mwingine atakumbuka kwamba kuna mnunuzi Mhindi anamsubiri mjini saa kumi.

Mawe yanayopelekwa yasioshwe, hata kama yamejaa tope. Udongo wa shimoni hukaa ndani ya mianya ya jiwe kwa miaka na hautoki kwa kidole. Udongo uliopakwa juzi hukaa juujuu, mara nyingi wa rangi moja kwa mawe yote mfukoni, na mtaalamu huuona kabla hajaligusa jiwe.